Barua Iliyomzamisha Baba

Katikati ya miaka ya hamsini, nilipokuwa na umri wa miaka kumi na saba, mama alinipeleka kwa karani mmoja mzee wa mtaa wetu wa Waswahili, hapa Gisenyi, nikawe macho yake. Mzee huyo alizaliwa Tabora, akaja huku kijana, akafanya kazi ya kuandika mahakamani mpaka alipostaafu. Sasa alikuwa na kibaraza ambako aliwaandikia watu barua: za posa, za mashtaka, za kumwomba bwana wa shamba ruhusa ya kwenda kuzika. Mtoto wa jicho alikuwa amelifunika kabisa jicho lake la kushoto, na la kulia lilikuwa linaona ukungu tu. Hakutaka wateja wajue.

Kwa hiyo miezi mitatu ya kwanza hakunifundisha kitu ila mwandiko wake. Alinipa barua zake za zamani nizinakili. Nikajifunza k yake yenye mkia unaoburuta chini ya mstari, h yake iliyoinama kama mtu mwenye kibiongo, na maneno yake ya kufungulia, "Baada ya salamu zisizo na idadi." Siku moja mteja wa Mbugangari, ambaye karani alikuwa amemwandikia miaka mingi, alichukua barua niliyoiandika mimi, akaitazama, akasema, "Karani, mkono wako hauzeeki." Mzee alicheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo akaanza kunifundisha na mambo mengine.

Niseme kidogo kuhusu kwetu. Nilikuwa binti wa pekee. Nilikuwa nimehitimu Kurani chuoni, kisha nikasoma miaka minne ya shule. Mama alikaanga vitumbua asubuhi na kushona kofia mchana. Hakuwahi kusoma herufi za Kizungu. Alijua zile za msahafu tu. Mtaani aliitwa mjane, na aliheshimiwa kama mjane, kwa sababu baba yangu, aliyekuwa baharia wa mashua za mizigo, alizama ziwani nilipokuwa na miaka minane. Hivyo ndivyo nilivyojua, na hivyo ndivyo mtaa mzima ulivyojua, au ndivyo nilivyodhani.

Kulikuwa na gazeti dogo la Kiswahili lililochapwa Bukavu na kutufikia kwa mashua, mara nyingine likiwa limelowa pembe. Nilimsomea karani kila lilipokuja. Siku moja nikakuta tangazo: wasomaji walialikwa kupeleka habari za kweli za maisha yao, ambazo wameziona wenyewe na kuzichunguza. Karani akaniambia nilisome mara ya pili. Kisha akazungusha fimbo yake sakafuni.

"Wewe unayo habari," akasema. "Kifo cha baba yako."

Niliiandika kwa siku mbili. Nilipomsomea, nilikuwa nimejaa majivuno, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimelia nikiandika. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Umelia vizuri," akasema. "Lakini humu ndani hakuna hata mtu mmoja uliyemuuliza kitu."

"Mimi nilikuwepo, mwalimu."

"Ulikuwa na miaka minane. Kumbukumbu yako ni shahidi mmoja. Mahakamani kwetu shahidi mmoja aliambiwa akae nje, angoje mwenzake."

Akanituma nikanunue daftari. Ukurasa wa kushoto niandike ninachokumbuka mimi, kama ninavyokikumbuka, bila kukipamba. Ukurasa wa kulia niandike nilichouliza: nani kasema, alijuaje, na siku ile alikuwa amesimama wapi. Alinikataza neno "inasemekana". Kila nilipolileta alipiga fimbo chini. "Nani anasema? Ana jina, ana mguu, alikuwa amesimama mahali. Nenda kamtafute." Halafu, kurasa zikijaa, nizishone pande mbili ziwe habari moja, msomaji ahisi moyo wangu na wakati huohuo aamini ninachomwambia. Sijapata kufundishwa kitu kizuri zaidi ya hicho maishani mwangu. Ndiyo maana kilichofuata kiliniuma vile.

Ukurasa wa kushoto ulijaa upesi. Niliandika mama akivua bangili zake moja moja na kuzipanga kitandani. Niliandika wanawake wakijaa ua wetu, na wali ulioletwa kwenye sinia kubwa. Niliandika pia jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu: kwamba nilikula wali ule kwa furaha, kwa sababu kwetu wali ulikuwa chakula cha sikukuu, kisha nikalala nikijichukia kwa kuufurahia msiba. Niliandika mama akikaa eda miezi minne na siku kumi katika chumba cha nyuma, amevaa nyeupe, na mimi nikimpelekea maji ya kutawadha. Niliandika pia juu ya fundi cherehani mmoja, mtu mpole aliyefiwa na mkewe, aliyeleta posa mara mbili. Mara zote mbili mama alijibu neno moja tu, "Siwezi." Chini yake nikaandika kwamba mama yangu alimpenda baba kiasi cha kutoweza kumweka mtu mwingine mahali pake.

Kwa ukurasa wa kulia karani alinituma kwa wanawake waliokuja matangani. Nikawazungukia. Mmoja alikumbuka kwamba wali ulikuwa na karafuu. Mwingine alikumbuka nilivyolia mpaka nikatapika. Wote walisema barua ilikuja na mashua, kwamba dhoruba ilipindua chombo karibu na Kalehe, na maiti haikuonekana. Nikamsomea karani nusu ya kwanza ya habari ikiwa imeshonwa tayari: wali, eda, dhoruba, upepo ukivuma kutoka upande wa kisiwa cha katikati ya ziwa. Akasema, "Sasa imesimama kwa miguu yake. Niachie hiyo nusu, nataka kuisikia tena kwa utulivu."

Nikamwachia. Lakini mimi nilikuwa nimeshaonja utamu wa kuuliza, na wanawake hawakunitosha. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ziwani. Kesho yake, bila kutumwa, nikashuka ufukweni kumtafuta mvuvi mzee aliyekuwa akishona nyavu pale kila siku.

"Baba yako alizama mu mashua gani?" akaniuliza.

Nikamtajia jina la mashua, lile lililokuwa ndani ya barua kama mama alivyonisimulia.

Alitaka kucheka, akajizuia. Akaonyesha kwa kidevu. "Ile mashua haikuzama, mutoto. Iko pale."

Nikageuka. Ilikuwa imefungwa gatini, watu wanateremsha viazi. Nilikuwa nimeiona mara mia. Jina lake lilikuwa limeandikwa ubavuni kwa rangi nyeupe, na sijui nilikuwa nikilisoma kwa macho gani miaka yote ile.

"Labda yeye alianguka majini, mashua ikabaki," nikasema.

"Labda." Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Lakini hii ziwa haina mamba. Kiboko pia haina. Mutu akizama anabakia chini siku mbili, tatu, anapanda. Tunamutoa, tunamuzika. Mi niko hapa tangu ujana. Ile mwaka hatukutoa mutu, na watu wa Kalehe hawakutoa mutu. Tungesikia."

"Basi alikwenda wapi?"

"Ayi we, mutoto." Sasa hakunitazama tena. "We uliza kwenu. Mi nimeshasema mingi."

Nilipanda kurudi mtaani. Kwenye daftari niliandika maneno yake kama alivyoyasema, na mahali alipokuwa amekaa. Kisha nikamwomba mama anionyeshe barua ya msiba, ili niinakili ukurasa wa kulia. Akasema imeliwa na mchwa. Alisema haraka mno.

Siku mbili baadaye alikwenda kwenye arusi Mbugangari. Nikafungua sanduku lake la bati. Barua ilikuwa chini ya kanga za arusi yake mwenyewe, ndani ya mfuko wa kitambaa, wala hakuna mchwa aliyeigusa. Karatasi ilikuwa na mstari wa buluu pembeni, kama zile za daftari za mahakama. Nikaikunjua. "Baada ya salamu zisizo na idadi." K iliburuta mkia chini ya mstari. H ilikuwa na kibiongo.

Juu iliandikwa kwamba imetoka Kalehe, kwa mwenye mashua. Lakini mkono ule niliujua kuliko wangu, kwa kuwa ulikuwa umeshakuwa wangu. Nilikaa sakafuni na ile barua magotini, nikahisi baridi ikinipanda kutoka kwenye sementi.

Asubuhi nilikwenda kwa karani kabla ya wateja. Nikamwekea barua mkononi bila salamu. Hakuisogeza jichoni. Aliipapasa pembeni kwa kidole gumba, akabaki ameishika.

"Soma," akasema.

Nilisoma mstari wa kwanza. Wa pili akausema yeye, kwa moyo, na wa tatu, mpaka "Mola amweke mahali pema." Hakukosea neno.

"Baba yangu yuko wapi?"

"Kalehe. Analinda ghala la kahawa. Ana mke huko."

Alinieleza kwa sauti ileile aliyonifundishia. Mama alimjia kibarazani akamwomba barua ya kifo. Yeye alikataa siku ya kwanza. Siku ya pili akaandika. Alimpa baharia mmoja aipeleke nyumbani kwetu mbele ya watu, kana kwamba imetoka mbali. Mabaharia walijua, wengi wao. Walinyamaza kwa kumstahi mama.

"Wewe ndiye uliyenifundisha kuuliza mtu alikuwa amesimama wapi," nikamwambia. "Wewe ulikuwa umekaa hapa. Juu ya kigoda hiki."

"Nilikuwa nimekaa hapa."

"Basi kwa nini ulinituma niandike habari hii?"

"Nilipenda unavyoandika. Nikajisahau. Na nilikutuma kwa wanawake wa matanga, mwanangu. Nani alikutuma kwa wavuvi?"

Nilimwambia anirudishie ile nusu niliyomwachia. Hapo ndipo aliponyanyua uso wake, na jicho lile jeupe likanielekea kana kwamba linaniona.

"Nimeshaituma Bukavu," akasema. "Iliondoka na mashua ya juzi."

Sikurudi tena kwenye kibaraza kile. Alipata macho mengine, mpwa wake fulani, na baadaye nilisikia kwamba wateja walilalamika kuwa mkono wa karani umeharibika. Alipofariki nilikwenda matangani kwake kama watu wote, nikasimama nyuma.

Siku ile niliyotoka kwa karani na barua, nilimkuta mama amekunja mikono ya gauni, anakoroga unga wa vitumbua. Nilimwambia nimesoma barua na nimeongea na karani. Nilitumaini atakataa. Angekataa ningepata nafasi ya kumwamini kidogo zaidi. Aliniuliza tu, "Nani mwingine anajua?"

"Mama, yu hai!"

"Punguza sauti."

"Ulikaa eda ya mtu aliye hai."

"Yeye ndiye alitaka," akasema. "Alituma mtu kusema tumuhesabu amekufa. Nikamuhesabu." Akaendelea kukoroga. Nilitoka nje nikamwacha na unga wake.

Kwenda Kalehe kulihitaji karatasi ya njia. Niliiomba ofisini kwa kusema nina shangazi mgonjwa, nikaulizwa jina la shangazi, nikabuni. Nakumbuka jinsi uongo ule ulivyonitoka kirahisi, na jinsi nilivyojisemea kwamba nimerithi. Nilipanda mashua ileile, ile isiyozama. Nilikaa juu ya magunia ya maharagwe siku nzima, maji yametulia kama mafuta. Tulipokaribia, baharia mmoja mtu mzima akaja kando yangu, akanyoosha kidole kwenye paa za bati juu ya kilima. Sikuwa nimemuuliza kitu.

"Nyumba ya pili nyuma ya ghala," akasema. "We ni mutoto wake ya Gisenyi."

Nilimkuta uani amekaa juu ya kasha, anasafisha taa ya karabai. Ndevu zilikuwa zimeingia mvi, lakini mabega yalikuwa yaleyale niliyopandishwa nikiwa mdogo. Nilisimama penye uwazi wa ua, nikitafuta neno la kuanzia. Hakuwa ameniona. Bila kuinua kichwa akaita jina langu.

"Abee!" nikaitika.

"Abee!" ikaitika sauti nyingine ndani ya nyumba, na msichana wa miaka sita hivi akatoka amebeba kopo la maji. Akampa, akanitazama, akarudi ndani.

Baba akainua kichwa. Tulitazamana mpaka kopo likaanza kumwagika mkononi mwake.

"Umekuwa mkubwa," akasema.

"Umempa jina langu."

Aliweka kopo chini taratibu. "Nilikuwa nimelizoea. Mdomo ulikuwa unaliita wenyewe."

Nimejaribu mara nyingi kuandika nilivyojisikia pale, na kila mara nimefuta. Nilichofanya nakijua: nilikaa chini juu ya jiwe, nikatoa daftari, nikafungua ukurasa wa kulia.

"Mama anasema wewe ndiye uliyetaka uhesabiwe umekufa."

"Mimi?" Alishtuka kweli, au alijua kushtuka. "Mi nilituma talaka. Nikasema aambiwe nimemwacha, aolewe, asiningoje. Kufa alikuleta yeye. Aliona mjane ana heshima kupita mke aliyeachwa."

"Talaka ya maandishi?"

"Ya mdomo."

"Mbele ya nani?"

"Watu wawili wa mashua."

"Wako wapi?"

"Mmoja alikufa. Mwingine alikwenda upande wa Uvira, sina habari zake." Akaniangalia kalamu. "Unaandika nini?"

"Unayosema."

"Basi andika kwamba sikukusahau. Nilikuwa nasikia habari zako kila mwezi. Ulivyohitimu Kurani, nilisikia. Ulivyougua surua, nilisikia."

"Kwa nani?"

"Kwa watu wa mashua."

Niliandika na hilo. Miaka tisa habari zangu zilikuwa zikivuka ziwa kwenda kwake, na zake hazikuvuka hata mara moja kuja kwangu. Mkewe alinipikia viazi vitamu, akanihudumia kama mgeni wa heshima. Sijui aliambiwa mimi ni nani. Yule mdogo mwenye jina langu alinionyesha kifaranga chake. Kesho yake nilipanda mashua ya kurudi. Baba alinisindikiza mpaka majini. Aliniuliza kama nitakuja tena, nikasema sijui. Sikwenda tena, naye hakuja.

Gazeti lilifika wiki tatu baada ya hapo. Habari yangu ilikuwa ndani, ukurasa mzima, ile nusu ya kwanza: wali wenye karafuu, eda, dhoruba, upepo kutoka upande wa kisiwa. Mafundi cherehani waliisoma kwa sauti barazani kwao, mtaa ukakusanyika. Waliniita nije, wakamwita na mama, wakamkalisha katikati kwenye kiti cha fundi. Yule fundi mpole ndiye aliyekuwa akisoma, na alipofika kwenye maneno "mama yangu alimpenda baba kiasi cha kutoweza kumweka mtu mwingine mahali pake," aliurudia mstari ule. Wanawake walilia. Nilimtazama mama. Naye alikuwa analia, machozi ya kweli, na mpaka leo sijajua alikuwa analilia nini.

Mwalimu wa chuo akainua mikono akamwombea marehemu. Wote wakasema amina. Mama akasema amina. Mimi pia nilisema. Watu walikuwa wananitazama, na nilisema.

Niliandika kwa mhariri kwamba habari ile si kweli, kwamba niliiandika kabla sijamaliza kuuliza, na kwamba ninayo nusu nyingine inayoipinga. Jibu lake lilikuwa fupi na la adabu. Wasomaji walikuwa wameipenda sana, hasa dhoruba. Haikuwa desturi ya gazeti kuwavuruga wasomaji. Je, nilikuwa na habari nyingine ya ziwani?

Kwa miezi mingi mimi na mama tuliishi nyumba moja tukizungumza juu ya unga, mafuta na mvua. Usiku sikuandika, niliandika mchana, barazani, mbele yake, ili aone. Nilishona kurasa za kushoto na za kulia kama nilivyofundishwa. Pale ambapo baba na karani na mama walipingana, niliwaacha wapingane. Nilifuta sentensi ile ya mapenzi nikaweka mahali pake neno la mama peke yake, "Siwezi." Nilipomaliza, nilimwambia nataka kumsomea. Alikuwa na ungo mapajani, anachagua mawe kwenye maharagwe ya Cyanzarwe. Nikasoma.

Alichagua maharagwe mpaka mwisho wa habari. Kisha akasema, "Wanawake umewauliza. Mvuvi umemuuliza. Karani umemuuliza. Na yule umemufuata mpaka Kalehe. Mimi hukuniuliza. Mimi uliniamulia tu."

Nilitaka kubisha. Nikapekua daftari. Ilikuwa kweli: kurasa zote za kulia, hakuna swali hata moja nililomuuliza mama nikangoja jibu lake.

Nikafungua ukurasa mpya. "Basi nakuuliza," nikasema. "Ile habari ya baba ilikufikia namna gani? Ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Nilikuwa nakusuka nywele. Yule mutu wa mashua alisimama mlangoni, akainama, akaniambia sikioni. Amesema harudi, ameoa. Amesema bora tumuhesabu amekufa."

"Hakutaja talaka?"

"Talaka!" Akaacha ungo. "Kama ningepata talaka, yule fundi ningemujibu vile? Mimi nilikuwa mke wa mutu. Ningekwenda kwa mwanamume mwingine na ndoa iko shingoni?"

Niliandika.

"Nilimaliza kukusuka," akaendelea. "Nywele upande mumoja zilikuwa bado. Nikawa nafikiri, kesho watamuuliza huyu mutoto, baba yako iko wapi? Akisema ametukimbia, watacheka. Akisema amekufa, watamupa chakula. Ndiyo hiyo. Hakuna kingine nilifikiri."

"Nililia mwaka mzima, mama. Ulikuwa unaniona."

"Nilikuona."

"Ungeniambia mimi peke yangu. Ningenyamaza."

Alinitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu nitoke Kalehe. "Ungenyamaza, ndiyo," akasema. "Lakini hungelia. Mimi machozi hayakuja, mwanangu. Nilikuwa na hasira, macho makavu. Watu walikuwa wanaingia uani wananitazama. Nilihitaji wewe ulie."

Nikaandika hilo pia, neno kwa neno. Akaniambia nimsomee, nione kama nimelikosea. Nikasoma. Alisikiliza akasema ni hivyo, hivyo ndivyo alivyosema, akabeba ungo wake akaenda kubandika maharagwe.

Siku ile sikula, wala iliyofuata. Siku ya tatu nilikula kwa sababu nilikuwa na njaa, na yeye akanipakulia.